Ndege Tunduni na Harufu ya Rangi

Mtu anapomfungia ndege tunduni, amejitwika wajibu gani? Swali hili laweza kuonekana dogo, tena la watoto. Lakini sisi tukaao Goma twaona kwamba lina uzito wake, kwa sababu mji wetu hauishi kujengwa, na kila penye kujengwa pana harufu ya rangi, ya vanishi, ya gundi, na moshi. Tena katika nyumba nyingi limo tundu lililotundikwa barazani, au wamo kuku walalao jikoni, au njiwa waliotengenezewa sanduku chini ya paa. Mwenye nyumba humwita fundi, fundi hufungua kopo, na kesho yake ndege amekutwa chini ya kijiti chake, miguu juu. Watu husema alikuwa mgonjwa. Wengine husema mtu amemtupia jicho. Kisha hununuliwa mwingine, naye huwekwa pale pale.

Wasomaji walio mbali wafahamu kwanza hali ya mji huu. Goma imekaa kando ya ziwa Kivu, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa nyuma yasimama Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka, na lava ikashuka ikapita katikati ya mji hata kuingia ziwani. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliteketea pamoja na maduka na maelfu ya nyumba. Haikupita muda mrefu, watu wakaanza kujenga juu ya mawe yale yale. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilishuka mara nyingine, ikafika Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu wakajenga tena. Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia mjini kwenyewe, na baadaye mabati yaliyotobolewa yakapigwa viraka na kuta zikapakwa rangi. Basi ukisikia nyundo na kuona makopo ya rangi Goma, usidhani ni anasa ya matajiri. Ni desturi ya mji uliozoea kuanza upya, na watu huishi ndani ya nyumba huku fundi akiitengeneza, maana hawana nyumba ya pili.

Watu wa Goma hawana haja ya kufundishwa kwamba hewa yaweza kuua. Upande wa magharibi wa mji, kuelekea Mugunga na Bulengo na lile ziwa dogo liitwalo Lac Vert, yako mashimo na mabonde ambamo hewa mbaya hutoka ardhini na kutuama kama maji. Hewa hiyo huitwa mazuku. Ni kabonidioksaidi, gesi isiyo na rangi, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu. Kwa hiyo hulala chini. Usiku usio na upepo hujaa shimoni, na jua likipanda na upepo ukivuma hutawanyika. Mpita njia wa asubuhi huona mbuzi amelala, au mbwa, au ndege waliotua kuokota wadudu, wote wamekufa na hawana jeraha hata moja. Mtu mzima aliyesimama wima aweza kupita salama mahali ambapo mtoto aliyeinama huanguka. Mwaka 2021 watu kadhaa walijaribu kukatiza juu ya lava iliyokuwa ikipoa, nao wakafa kwa gesi. Tena si kwetu tu: huko Kamerun, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, ziwa Nyos lilitoa gesi hiyo hiyo, ikaua watu wapatao 1,700 na mifugo yao. Ziwa letu la Kivu nalo lina gesi nyingi vilindini, jambo ambalo wataalamu hulichunguza mwaka hata mwaka.

Sasa ajabu yenyewe ni hii. Mtu yule yule amwonyaye mtoto wake asishuke penye mazuku, jioni hufunga madirisha ya chumba kilichopakwa rangi leo, kwa kuwa baridi ya ziwani ni kali. Huingiza na mbabula yenye makaa, au makala kama tusemavyo hapa kwetu. Na tundu la kasuku limetundikwa papo hapo, juu ya mlango. Mazuku ni ya mlima, basi yatisha. Hewa ya kopo tumeinunua dukani kwa fedha zetu wenyewe, basi twaiamini.

Ili tuelewe kwa nini ndege hufa mbele yetu, yafaa tutazame jinsi anavyopumua. Sisi tuvutapo pumzi, hewa huingia mapafuni, hukaa kidogo, kisha hutoka kwa njia ile ile iliyoingilia, na kila mara hubaki ndani masalio ya hewa ya zamani. Ndege hakuumbwa hivyo. Mapafu yake ni madogo na hayapanuki kama yetu, lakini yameunganishwa na mifuko ya hewa, kwa ndege wengi tisa, iliyoenea mwilini na hata kuingia katika baadhi ya mifupa. Mifuko hiyo hufanya kazi kama mivukuto ya mhunzi. Husukuma hewa ipite mapafuni kwa upande mmoja bila kurudi nyuma, hivi kwamba ndege hupata hewa mpya anapovuta pumzi na vile vile anapoitoa. Ndiyo maana wako mabata bukini wanaoweza kuruka juu ya milima ya Himalaya, mahali ambapo mtu hutweta akiwa amekaa tu. Lakini chombo kinachokamua vizuri hewa safi, hukamua na sumu vizuri vile vile. Uongeze na udogo wa mwili, na moyo uendao mbio, na pumzi za harakaharaka: kiasi cha sumu kinachotuumiza sisi kichwa tu, yeye humwangusha.

Tena ndege ana tabia ya kuficha ugonjwa. Huko porini aliye dhaifu huonwa upesi na kipanga, kwa hiyo ndege hujikaza mpaka nguvu zinapomwishia kabisa. Mwenye nyumba humwona amejikunja, manyoya yamefutuka, akasema amelala. Akipumua mdomo wazi, mkia ukapanda na kushuka kwa kila pumzi, akayumba kwenye kijiti, huyo hajalala. Apelekwe nje penye hewa safi papo hapo, kabla ya kuuliza maswali. Wako wanaokimbilia kumnywesha maziwa, kama inavyofanywa kwa aliyekula sumu. Maziwa hayatoi gesi katika damu, na ndege anayetweta akimiminiwa kitu mdomoni husakamwa.

Je, sumu zenyewe ni zipi? Rangi ya mafuta na vanishi hukauka kwa sababu kile kimiminiko kilichozimuliwa ndani yake hupaa hewani; harufu tunayoisikia ndicho kimiminiko chenyewe, kimekuwa hewa, kimeingia puani. Rangi za maji ni afadhali, lakini nazo zina harufu yake, basi tusidanganyike kwa jina. Gundi ya kubandikia mbao na mazulia ni ndugu wa vanishi. Moshi wa kuchomelea vyuma, hasa vile vilivyopakwa zinki, ni mbaya kwa fundi mwenyewe, sembuse kwa ndege. Kuna na vumbi. Zile nyumba za zamani zilizojengwa wakati wa Wabelgiji zilipakwa rangi ambazo mara nyingi zilitiwa risasi, na hapa hatusemi risasi ya bunduki, bali madini yenyewe. Fundi akizikwangua, vumbi lake huanguka sakafuni na kwenye maji ya ndege. Kasuku naye, ambaye mdomo wake hauna Jumapili, hutafuna magamba ya rangi hiyo. Mtoto atambaaye hufanya hivyo hivyo.

Makaa yanahitaji maneno yake peke yake. Makaa yaliyowaka vizuri hayana moshi, na kwa hiyo watu hudhani hayana hatari. Hapo ndipo ilipo hatari kubwa. Makaa hutoa kabonimonoksaidi, gesi isiyo na harufu hata kidogo, ambayo huingia katika damu na kukalia nafasi ya hewa njema. Haitui chini kama mazuku, bali huchanganyika na hewa yote ya chumba. Nyumba ikiwa katika matengenezo, jiko huhamishwa: mama aliyekuwa akipika nje chini ya bati, siku hizo hupikia ukumbini au kwenye ujia, maana uani kumejaa mchanga na saruji. Jenereta nayo huletwa karibu na mlango ili msumeno wa fundi upate umeme. Hivyo ndani ya juma moja nyumba hupata sumu ambazo mwaka mzima haikuwa nazo. Jambo jingine lisilojulikana na wengi: vikaango vile vyeusi vyenye utando usioshika chakula, vikisahauliwa motoni vitupu mpaka vikapata joto kupita kiasi, hutoa gesi inayoua ndege kwa dakika chache. Watu huugua kama wenye homa, kisha hupona. Ndege hana kisha.

Watu wengi huuliza kama yafaa kuweka tundu juu au chini. Kwenye mitaa yenye mazuku, chini ni pabaya, wala si kwa ndege tu. Aliyelala juu ya mkeka katika chumba kilichochimbwa chini ya usawa wa ardhi yumo hatarini kuliko aliyelala kitandani. Lakini jikoni, juu ni pabaya, kwa kuwa moshi wa moto hupanda. Na penye rangi mbichi au makaa, juu na chini ni mamoja. Atafutaye pembe salama ndani ya chumba chenye sumu amepoteza wakati wake. Ndege atolewe nyumbani.

Hapa twafikia swali lenyewe. Kwa nini tujisumbue? Tunawasikia wasomaji wengine wakisema: mji huu umezika watu wengi, wako waliolala kambini chini ya turubai, wako watoto wasio na karo, nanyi mwatuandikia habari za chiriku! Twaiheshimu hoja hii, kwa maana haitoki katika moyo mgumu. Katekisimu ya Kanisa ya mwaka 1992 yenyewe inaonya kwamba haifai kutumia kwa wanyama fedha ambazo zingepasa kwanza kuondoa taabu za watu. Lakini papo hapo yafundisha kwamba kuwatesa wanyama au kuwaua pasipo lazima ni kinyume cha heshima ya mtu, tena yawakumbuka Mtakatifu Fransisko wa Asizi na Mtakatifu Filipo Neri kwa upole wao kwa viumbe. Mambo hayo mawili yamewekwa pamoja, wala moja halikufuta jingine. Basi tuulize: kumpeleka ndege kwa jirani kwa siku kumi ni gharama gani? Hakuna senti moja iliyotoka mfukoni mwa maskini. Ni miguu tu, na kukumbuka. Anayesema hana nafasi ya huruma hiyo kwa sababu ya maskini, na tumwulize maskini huyo amempa nini juma hili.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba mtu aepuke ukatili kwa wanyama kwa sababu ukatili huo humzoesha ukatili kwa watu. Hoja hii ni nzuri, na kila mwalimu wa shule aliyemwona mtoto akimng'oa panzi miguu anajua ukweli wake. Hata hivyo twaona kwamba kwa ndege aliye tunduni iko hoja nyingine iliyo karibu zaidi. Chiriku aliye mtini, moshi ukipanda, huruka. Hahitaji rehema yetu. Amepewa mabawa, na mabawa ndiyo dawa yake. Sisi tumemwondolea dawa hiyo. Tumefunga kimlango kwa waya, tukapendezwa na sauti yake. Tangu saa hiyo, kila jambo ambalo mabawa yake yangemfanyia ni juu yetu kulifanya: kutafuta maji, kukimbia jua, kukimbia paka, na kukimbia hewa mbaya. Hii si huruma ya ziada, kama sadaka ambayo mtu hutoa akipenda. Ni deni. Aliyekopa mguu wa mtu hana budi kumbeba.

Kwa mfano, tutazame wachimba makaa ya mawe wa Uingereza. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanachuoni mmoja wa Skoti, John Scott Haldane, alichunguza miili ya wachimbaji waliokufa katika milipuko ya migodi, akaona kwamba wengi hawakuuawa na moto, bali na kabonimonoksaidi. Akashauri wachimbaji wachukue wanyama wadogo watakaodhurika mapema kuliko watu. Na ndege waitwao kanari wakapendelewa, kwa sababu akianguka kutoka kijitini huonekana mara. Desturi hiyo ilidumu miaka mingi. Ni mwaka 1986 tu serikali ya Uingereza ilipoamua ndege hao, waliokuwa wangali zaidi ya 200, wapumzishwe na mahali pao pachukuliwe na vyombo vya umeme.

Mtu aweza kuulaumu mpango huo: kumtanguliza mnyonge katika hatari ili mwenye nguvu apone. Sisi hatuko tayari kuwalaumu, maana baba wa watoto sita alipata kurudi nyumbani jioni. Lakini sikilizeni jambo hili. Baadhi ya matundu yale yalitengenezwa na mtungi mdogo wa oksijeni juu yake. Ndege akizimia, kimlango hufungwa, mtungi hufunguliwa, naye hufufuka kupumua. Wachimbaji wale, watu wa kazi ngumu, nyuso nyeusi kwa vumbi, walimtumia ndege kwa hatari, wakampa na njia ya kupona. Walijua alikuwa amekwenda mahali pao. Sisi twamweka kasuku katika chumba cha rangi bila sababu yoyote, pasipo hata kumtazama kama ishara. Akianguka hatujiulizi kama mtoto aliyelala chumba cha pili anavuta hewa ile ile. Mchimbaji alimwona ndege ameanguka akakimbia na wenzake. Sisi tunamwona ameanguka, tunamtupa, tunafunga dirisha, tunalala.

Na huyo kasuku mwenyewe, kwa kuwa tumemtaja, ana kesi nyingine. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu ni mtoto wa misitu ya Kongo, nasi twamjua kwa ulimi wake. Amekamatwa kwa wingi mno kwa biashara, hata mwaka 2016 mataifa yaliyokutana Johannesburg yakamweka katika orodha ya viumbe ambao ni marufuku kufanyiwa biashara kati ya nchi na nchi, na katazo hilo likaanza kutumika mwaka 2017. Wengi hufa njiani, wamebanwa vikapuni na masandukuni, kabla mtu hajawafundisha salamu. Kwa hiyo tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba aliyemkinga kasuku wake na harufu ya vanishi amekuwa na haki ya kumnunua. Amnunuaye leo sokoni amemlipa mtega nyavu aende kukamata wa kesho. Lakini yule aliyemo nyumbani tayari, aliyekaa miaka kumi na watoto, aliyekwisha kusahau msitu, huyo hawezi kurudishwa porini kwa kufunguliwa kimlango tu. Angekufa kwa njaa au angekamatwa siku ya kwanza. Deni lake limebaki kwetu, na kasuku huishi miaka mingi. Wako wanaorithi kasuku pamoja na shamba.

Basi namna ya kufanya. Kabla fundi hajafungua kopo, wala si baada ya harufu kusikika, tundu lipelekwe nyumba nyingine. Chumba kingine cha nyumba ile ile hakitoshi, maana nyumba zetu za mbao zina nyufa, na dari moja hufunika vyumba vyote. Kwa jirani iliko kazi ya kuchomelea au kibanda cha kukaanga mandazi kwa moshi si mahali pa kukimbilia. Usiku afunikwe kwa kitambaa kwa ajili ya baridi, hewa ipate kupita. Kuku na njiwa wasisahauliwe. Mapafu yao ni yale yale, ingawa hawasemi "Jambo". Nyumbani madirisha yaachwe wazi mchana kutwa. Muda wa kungoja ni upi? Rangi ya maji, siku kadhaa. Ya mafuta na vanishi, majuma mawili au zaidi, hasa majira ya mvua, kwa kuwa Goma wakati huo kitu hukauka kwa uvivu. Rangi iliyokauka kwa kidole haijakauka kwa pua. Tena pua ya mwenye nyumba ni shahidi dhaifu, kwa kuwa imeizoea harufu. Aitwe mgeni atokaye nje aseme anasikia nini. Kabla ya ndege kurudi, sakafu ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji, maana ufagio mkavu huliamsha vumbi tena.

Liko bado jambo moja, nasi kwalo hatukutaka kuanza, ili msomaji asidhani habari ya ndege ilikuwa chambo. Katika nyumba nyingi zinazotengenezwa mjini yumo kijana, msaidizi wa fundi, wa miaka kumi na mitano au kumi na sita. Ndiye akorogaye rangi. Ndiye akwanguaye kuta za zamani, kitambaa kimefungwa puani, kama kipo. Na kazi ikiisha jioni, mwenye nyumba akiogopa wezi wa saruji na mbao, kijana huyu huambiwa alale humo humo, chumba kile kile kilichopakwa mchana, mlango umefungwa kwa komeo. Akiona baridi hujiwashia makaa katika kopo tupu la rangi.

Tumekwisha kuona nyumba ambamo ndege alipelekwa kwa shangazi na kijana akaachwa ndani. Aliyefanya hivyo hakuwa mtu mbaya. Aliwaza hivi: ndege hana kinywa cha kusema, kijana anacho, basi akiumwa atasema. Lakini je, atasema? Ana ujira wa siku, wako wengine watano mlangoni wanaoutaka, na nyumbani kwao Ndosho mama yake anangoja unga. Kichwa kikimuuma hunywa maji akanyamaza. Mlango wake haukufungwa kwa waya, ni kweli. Aweza kuufungua akaenda zake, na asirudi kazini kesho. Sisi twauliza kama tofauti ya mlango huo na kimlango cha tundu ni kubwa kama tunavyopenda kuamini. Maana ikiwa deni kwa ndege latokana na kwamba tumemzuia kukimbia, basi kila tuliyemzuia kukimbia, kwa waya au kwa njaa, anatudai vivyo hivyo, tena huyu anatudai kwanza.

Wenye nyumba wengine hupatana na fundi mapema, kabla ya kutoa fedha ya kununulia rangi: kwamba mlinzi atalala barazani au kwa jirani, na mbao zitaingizwa ndani na kufungiwa humo bila mtu, kwamba kukwangua rangi ya zamani kutafanywa ukuta ukiwa umelowa maji, ili vumbi lisiruke, kwamba kila baada ya saa moja ya vanishi kijana atatoka nje apumue, na kwamba makaa hayataingia ndani, hata kama mvua inanyesha. Fundi mzuri hakatai. Huongeza siku mbili katika hesabu yake, na blanketi moja.